Manyuo au otomatiki: giaboksi ya gari lenye mbio, milima ya Manyovu na maji ya ziwa

Barabara ya Mwandiga hadi Manyovu ina kilomita 60 hivi za lami, na sehemu kubwa ya hiyo lami imepinda. Unaanza karibu na Ziwa Tanganyika, ambalo lenyewe liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, unapanda mamia ya mita hadi kwenye ubaridi wa Buhigwe, mpakani na Burundi. Ni barabara ya kwanza ninayomshauri mtu wa Kigoma aifikirie anapotaka kununua gari lenye nguvu na kuniuliza swali lile lile: nichukue manyuo au otomatiki?

Vijiweni swali hili hujibiwa kwa heshima na dharau. Anayeendesha manyuo anaitwa dereva, wa otomatiki anaambiwa anapanda bembea. Hilo si jibu. Kwa magari mapya, suala la nani ana kasi zaidi limeshaamuliwa na saa ya kupimia. Mtu wa hapa ana swali lingine zito zaidi: giaboksi hii hufa kwa ugonjwa gani, na siku ikifa nitakuwa wapi?

Nianze na saa, kwa kuwa hapo ubishi ni mfupi. Mwaka 1989 Nigel Mansell alishinda mbio za Formula 1 za Brazil akiwa na Ferrari ambayo gia zake zilibadilishwa kwa vibonyezo nyuma ya usukani. Mwaka 1997 Ferrari wakaileta teknolojia hiyo barabarani kwenye F355. Mwaka 2003 Volkswagen wakauza Golf R32 yenye giaboksi ya klachi mbili: klachi moja inashika gia za witiri, ya pili inashika za shufwa. Ukiwa gia ya tatu, ya nne imeshaingizwa inasubiri. Kazi inayobaki ni kuachia klachi moja na kushika nyingine, na gari haliachi kuvutwa hata kidogo. Dereva mzuri wa manyuo hutumia karibu nusu sekunde kubadili gia, na katika nusu sekunde hiyo magurudumu hayapati nguvu yoyote. Zidisha kwa gia mbili au tatu, utaiona tofauti yote.

Porsche wamewarahisishia watu kulinganisha. 911 GT3 ilipotoka mwaka 2013 ilikuwa na klachi mbili peke yake, hakuna manyuo. Wapenzi walilalamika, na mwaka 2017 manyuo ikarudishwa. Injini ile ile, gari lile lile: la klachi mbili linafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.4, la manyuo sekunde 3.9. Lakini kwenye mwendo wa mwisho la manyuo linaongoza, 320 kwa 318. Nusu sekunde kwa gari la daraja hilo ni kubwa. Hata hivyo watu walilipia manyuo wakijua kabisa kuwa ni ya pole zaidi, na mimi naona walikuwa na sababu. Nitaieleza nikifika kwenye kona.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalitaji. Klachi mbili haikuendelea kutawala. BMW waliiacha kwenye M5 mwaka 2017 wakarudi kwenye otomatiki ya konveta, yaani ile inayopitisha nguvu kwa oili kama otomatiki ya kawaida. Wanachotumia ni giaboksi ya gia nane ya kampuni ya ZF, iliyoanza mwaka 2009. Ndani yake kuna seti nne za gia za sayari, yaani gia ndogo zinazoizunguka moja ya katikati, na vishikio vitano tu, klachi na breki zikihesabiwa pamoja, na kwa gia yoyote vinavyokuwa wazi havizidi viwili. Vinavyoburuzika bure ni vichache, kwa hiyo joto nalo ni kidogo. Konveta nayo hufungwa mapema sana baada ya gari kuondoka, na kuanzia hapo mshiko ni wa chuma kwa chuma kama wa manyuo. Dharau ya kusema otomatiki inateleza na kula mafuta ni ya enzi ya gia nne, haiihusu hii.

Halafu kuna suala la ubavu. M3 ya mwaka 2021 yenye manyuo ina nguvu farasi 480 na msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa Nm 550. Ile ya Competition, ambayo ni otomatiki tupu, ina 510 na Nm 650. Kadiri msokoto unavyokua, klachi ya mguu inahitaji springi ngumu zaidi na giaboksi inahitaji meno mapana zaidi, hadi mguu wa binadamu na mkono wake vinachoka. Ndiyo maana magari yenye nguvu nyingi mno yanaikimbia manyuo, na yale ya wastani yanaendelea nayo vizuri. Honda Civic Type R haijawahi kuuzwa na kitu kingine zaidi ya manyuo. Toyota GR86 ya manyuo inafika 100 kwa sekunde 6.3 na ya otomatiki kwa 6.9, kwa hiyo hata kanuni ya saa si ya kila gari.

Tuje sasa kwenye magari ambayo mtu wa Mwanga au Ujiji anaweza kuyashika kweli, yaliyotumika Japani na kuteremkia bandari ya Dar es Salaam: Altezza RS200 ya gia sita, Mark X, Crown, Impreza WRX, Forester yenye turbo, mara chache Golf GTI. Hapa lazima mtu asome mwaka wa gari kabla ya kusoma jina. Otomatiki ya Forester ya 2004 ina gia nne. Kati ya gia ya pili na ya tatu kuna shimo, na katika mlima wa Manyovu utalisikia: kwenye tatu injini inaishiwa, ukiingiza mbili inapiga kelele. Hewa nayo inazidisha tatizo. Kwenye usawa wa ziwa injini isiyo na turbo imeshapoteza karibu asilimia 8 ya nguvu zake kwa wepesi wa hewa, na ukifika mita 1,500 imepoteza kama 15. Turbo hufidia sehemu kubwa. Kwa hiyo injini ya lita mbili isiyo na turbo ikiwa na gia nne za otomatiki, kwa milima hii naikataa waziwazi. Hiyo hiyo ikiwa na manyuo ya gia sita ni gari jingine kabisa. Mark X ya kuvuta nyuma ina otomatiki ya gia sita na injini ya V6, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo otomatiki ya kwanza ya bei ya kufikika ambayo haimwangushi dereva mlimani.

Lakini ikilishwa maji ya ziwa, hiyo Mark X haifiki mbali.

Hapa naomba nikae kidogo, maana giaboksi nyingi za otomatiki zinakufa kwa kosa linalofanyika kwenye rejeta. Oili ya giaboksi ya otomatiki, ambayo mafundi wetu wengi huiita haidroliki, hupozwa ndani ya rejeta ya injini. Kwenye tanki la chini au la pembeni la rejeta kuna kijibomba kidogo. Nje yake yanapita maji ya injini, ndani yake inapita oili. Kinachotenganisha vitu hivyo viwili ni ukuta wa chuma mwembamba. Sasa gari linachemsha, dereva anachukua dumu, anateka maji ziwani au bombani, anajaza. Kesho tena. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi na yameegemea upande wa alkali, pH yake ni karibu 9. Yakipashwa moto yanaacha ukoko mweupe kama ule wa sufuria ya chai, na bila dawa ya kuzuia kutu yanakula alumini na viungio vya kile kijibomba. Siku kijibomba kikitoboka, maji yanaingia kwenye oili ya giaboksi.

Dalili yake haifichiki. Ukifungua kifuniko cha rejeta au ukichomoa kijiti cha oili unakuta uji wa rangi ya waridi, kama maziwa yaliyochanganywa na rozela. Ukiona hivyo usiwashe gari tena, hata kulisogeza kivulini. Vitambaa vya klachi ndani ya otomatiki vimetengenezwa kwa karatasi maalumu iliyobandikwa kwa gundi juu ya sahani za chuma. Maji yanalainisha karatasi na kuachanisha gundi. Vitambaa vinabanduka, vinaziba vijia vya valvu, na kutoka hapo kumwaga oili hakusaidii tena. Anayekuahidi kuiponya kwa kuisafisha na kubadili oili mara tatu, mwulize kama anakubali kulipwa baada ya miezi sita.

Kinga yake ni rahisi kuliko ugonjwa. Kulanti, yaani dawa ya rejeta, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Ukiwa njiani na huna la kufanya, jaza maji uliyoyapata ufike, halafu yamwage yote wiki hiyo hiyo. Na kama unalipeleka gari lako mlimani kwa kasi, funga rejeta ndogo ya oili ya giaboksi mbele ya ile ya kiyoyozi. Unaiunganisha kwenye bomba la kurudi, yaani oili ipite kwanza kwenye rejeta kubwa, kisha ndogo, kisha irudi nyumbani. Tumia mpira wa oili na si mpira wa maji. Wa maji hulainika ndani ya miezi michache na kuachia ghafla.

Joto lina hesabu yake. Oili ya otomatiki ikifanya kazi kati ya nyuzi 80 na 95 inadumu. Mafundi wana kanuni ya kukadiria kwamba kila nyuzi kumi juu ya hapo zinakata maisha ya oili kama nusu, na ikishazidi 120 sili za mpira zinaanza kukakamaa. Konveta ndiyo inayozalisha joto, tena zaidi pale isipofungwa: mwendo mdogo, mzigo mkubwa, mguu umekanyaga. Hiyo ndiyo picha ya kupanda kona za Manyovu nyuma ya Fuso kwenye D, ukisubiri nafasi ya kulipita. Hama kwenye M au S, shika gia ya pili mwenyewe, injini izunguke 3,000 au zaidi. Pampu ya oili ya giaboksi inazungushwa na injini, kwa hiyo mzunguko ukipanda oili inatembea na kupoa. Kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya dashibodi na programu ya simu vitakuonyesha joto la oili kwenye magari mengi ya baada ya 2005. Ni pesa ndogo kuliko ya migebuka ya wiki mbili.

Kubadili oili nako kuna mtego wa hesabu. Chukua giaboksi inayobeba lita 8. Ukifungua bolti ya sampu, lile bakuli la chini ya giaboksi, zinatoka kama lita 3.2, zilizobaki zimejificha kwenye konveta na mabomba. Umebadili asilimia 40. Endesha kilomita mia mbili au tatu, rudia: sasa mpya ni 64. Rudia tena: 78. Huo ndio utaratibu ninaouamini kwa gari lililotumika, badala ya mashine ya kusukuma oili yote kwa mkupuo, hasa kama hujui historia yake. Angalia na sumaku zilizo ndani ya sampu: unga wa kijivu laini kama masizi ni uchakavu wa kawaida, vipande unavyoweza kuvihesabu ni mauti. Aina ya oili si ya kubahatisha. Toyota za zamani hutumia T-IV, za tangu katikati ya miaka ya 2000 nyingi ni WS, ambayo ni nyepesi zaidi. Kopo lililoandikwa kwamba linafaa magari yote halijui gari lako.

Mark X haina kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Gari liwe sawasawa, liwe limenyanyuliwa pande zote nne, injini ikiwa inanguruma. Pitisha lever taratibu kwenye kila gia na kurudi P. Oili ikifika nyuzi 35 hadi 45 fungua bolti ya kipimo chini ya sampu: ikichuruzika kidogo kidogo kipimo ni sahihi, isipotoka kitu ongeza kwa juu. Anayepima giaboksi ikiwa imechemka anaipunguzia bila kujua, kwa kuwa oili imetanuka na nyingine inamwagika.

Subaru zina ajali yake. Otomatiki yao ina oili mbili tofauti, ya giaboksi na ya difu ya mbele, zikiwa na vijiti viwili tofauti na bolti zilizokaribiana, zote zikiwa nyuma tu ya ile ya oili ya injini. Fundi mwenye haraka anamwaga haidroliki akidhani ni ya injini, kisha anaongeza lita nne za oili ya injini juu ya zilizokuwamo. Gari linatoka gereji na injini iliyojaa kupita kiasi na giaboksi tupu. Simama pale. Haidroliki nzuri ni nyekundu, ya injini ni kahawia au nyeusi. Kinachotoka kikiwa chekundu sema hapo hapo.

Manyuo ina magonjwa yenye subira zaidi. Inaanza kukuambia mapema, kwa mguu na kwa mkono. Klachi inayoteleza utaijua hivi: gia ya nne, kilomita 50 kwa saa, kanyaga mafuta hadi mwisho. Mshale wa mzunguko ukiruka na gari lisiondoke nao, kisahani cha klachi kimekwisha. Klachi isiyokata utaijua kwa gia ya nyuma: kanyaga hadi chini, hesabu mpaka nne, ingiza, ikikwaruza, kitu bado kinazunguka. Mara nyingi si kisahani, ni slevu ya chini, ile pampu ndogo inayosukuma klachi, inayovuja au hewa kwenye bomba. Mlio unaokuja ukikanyaga klachi ni wa beringi ya klachi. Mlio unaokuwepo mguu ukiwa juu na kunyamaza ukikanyaga ni wa beringi ya shafti ya kuingilia ndani ya giaboksi. Ni gharama mbili tofauti kabisa, kwa hiyo sikiliza vizuri kabla hujakubali giaboksi ishushwe.

Ikishushwa, usifunge kisahani peke yake kwa ajili ya kuokoa pesa. Presha pleti (inayokibana kisahani), beringi ya klachi, beringi ndogo ya katikati ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) kwa magari yaliyo nayo, na oili sili ya nyuma ya injini, zote siku hiyo hiyo, kwa sababu kazi kubwa ni kushusha na si kubadili. Flaiwili ipelekwe kwa fundi wa mashine asawazishe uso wake. Kisahani kina upande: mara nyingi kimeandikwa upande upi utazame flaiwili, na kikigeuzwa klachi haitakata hata siku moja. Grisi kwenye meno ya shafti iwe ya kupaka kwa kidole na kufuta. Ikizidi inaruka hadi kwenye kisahani. Bolti za presha pleti zikazwe kwa mtindo wa nyota, kwa duru tatu. Kwenye Toyota nyingi ni Nm 19, ambazo ni chache kuliko mkono wa fundi unavyotamani. Baada ya hapo, kilomita 500 za upole.

Oili ya manyuo ndiyo inayoonewa zaidi. Kopo la 75W-90 linaweza kuwa la daraja la GL-4 au GL-5, na watu huchukua GL-5 kwa kuwa namba ni kubwa. Ringi za sinkronaiza, zile zinazolinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia, mara nyingi ni za shaba. Zinafanya kazi kwa msuguano. GL-5 imewekewa dawa nyingi za salfa na fosforasi kwa ajili ya meno ya difu. Baadhi hushambulia vyuma vya njano, na hata zisiposhambulia, ringi inateleza pale inapotakiwa kushika. Matokeo yake gia ya pili inakwaruza asubuhi. Subaru ni tofauti, na ni halali: giaboksi yao ya manyuo inachangia oili na difu ya mbele, kwa hiyo kitabu chao kinaagiza GL-5, lita 3.5 kwa ile ya gia tano. Kitabu cha gari ndicho kinachoamua.

Hiyo ya gia tano ya WRX, tukiwa bado nayo, haipendi kuondoka kwa kupiga resi na kuachia klachi ghafla. Magurudumu manne yanashika yote, hakuna linaloteleza kupunguza pigo, pigo lote linaishia kwenye meno. Ya STI yenye gia sita ni ngumu zaidi. Na kwa Subaru yoyote, ya manyuo au otomatiki, tairi nne ziwe za aina moja na uchakavu mmoja. Mzingo usitofautiane kwa zaidi ya milimita 6. Tairi moja mpya kati ya tatu zilizolika inaifanya sehemu ya kati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, igombane na nafsi yake kila mzunguko hadi iungue.

Basi kwa nini mtu alipie manyuo? Kwa ajili ya kushuka.

Unatoka Manyovu, mteremko, kona ya kulia inafunga, uko gia ya tatu mzunguko 3,000. Unahitaji ya pili. Kama ya tatu ina uwiano wa 1.5 na ya pili 2.2, basi kwa mwendo ule ule injini itatakiwa kuzunguka 4,400. Ukiachia klachi bila kuiandaa, magurudumu ndiyo yatakayoivuta injini kutoka 3,000 hadi 4,400, na kwa gari la kuvuta nyuma kama Altezza matairi ya nyuma yanaweza kuachia lami katikati ya kona. Kwa hiyo: sehemu ya mbele ya unyayo wa kulia inakaa kwenye breki na kubonyeza kwa uzito usiobadilika. Klachi chini. Lever inatoka tatu. Bila kupunguza breki, ukingo wa mguu ule ule wa kulia unageuka na kugonga mafuta mara moja, kwa kifupi. Mshale unaruka hadi karibu 4,500. Lever inaingia mbili, inaingia yenyewe kama kisu kwenye parachichi. Klachi juu. Gari halishtuki hata kidogo, halafu ndipo unaachia breki na kugeuza usukani. Yote hayo ni chini ya sekunde moja. Magari ya kisasa yanafanya ile resi yenyewe. Nissan walianza na 370Z na wengine wakafuata. Ni msaada mzuri. Lakini anayeifanya kwa mguu wake, akaisikia inakaa, anajua injini iko wapi na matairi yako wapi bila kutazama dashibodi. Hiyo ndiyo nusu sekunde ambayo watu wa GT3 waliilipia, na hakuna kibonyezo kinachoitoa.

Wa otomatiki naye asishuke kwenye D. Kompyuta inaona mguu umeachia mafuta, inapandisha gia, na gari lote linabaki mikononi mwa breki. Oili ya breki ya DOT 3 ikiwa mpya inachemka nyuzi 205, ikishanyonya unyevu ni 140. DOT 4 ni 230 na 155. Ikichemka kanyagio linazama hadi chini bila kushika kitu. Shika gia ya pili au ya tatu mwenyewe kabla mteremko haujaanza. Na ule mtindo wa kushusha kwa frii ili kuokoa mafuta ni hasara tupu: gari lenye mfumo wa sindano za kupulizia mafuta likishuka likiwa kwenye gia na mguu umeachia, linakata mafuta kabisa, wakati kwenye frii linaendelea kunywa ili lisizime.

Kwa kununua, kama ni otomatiki, liache kwanza lipate joto la kawaida la kazi. Mguu kwenye breki, toa N kwenda D na uhesabu: zaidi ya sekunde 1.2 kabla halijashika ni kasoro. N kwenda R mwisho ni 1.5. Kisha barabara ya Kidahwe, mwendo wa 80 usiobadilika, gusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto bila kuachia mafuta. Mzunguko ukipanda mia kadhaa na kushuka tena, konveta inafunga na kufungua vizuri. Mashine ya dayagnosisi ikitoa namba ya kosa P0741 maana yake haifungi. Klachi mbili za aina ya kavu, ambazo hazimo ndani ya oili, siwezi kumshauri mtu wa huku. Spea na kompyuta yake vinatoka mbali, na foleni ya kupanda kutoka stesheni hadi Mwanga kwa mwendo wa kinyonga ndiyo inayoziua. Zile zinazooga oili ni bora, ilimradi oili na filta vibadilishwe kila kilomita 60,000.

Mimi ningechukua manyuo kwa gari la chini ya nguvu farasi 300, na otomatiki ya konveta yenye gia sita au zaidi kwa lililo juu ya hapo. Sababu yangu kubwa si saa. Kati ya Dar es Salaam na Kigoma kuna kilomita 1,250 hivi za reli, na kisahani cha klachi kinasafiri kwenye basi ndani ya mfuko. Giaboksi ya otomatiki inahitaji kreti, na ikifika bado ni ya mtumba ambayo hakuna aliyeiona ikifanya kazi.

Na ikikuzimikia ng'ambo ya Uvinza, manyuo unaiweka frii na kuvutwa kwa kamba hadi nyumbani. Otomatiki usiivute hivyo. Injini ikiwa imezima pampu haizunguki, gia za ndani zinazungushwa na magurudumu zikiwa kavu, na kilomita mia za kamba zinatosha kuimaliza giaboksi iliyokuwa nzima. Subaru ibebwe na magurudumu yote manne yakiwa juu. Kama ni ya kuvuta nyuma na gari la kubeba halipatikani, fungua propela shafti, ile inayopeleka nguvu nyuma, pale inapoungana na difu, bolti nne. Kabla ya kufungua, piga mstari wa rangi unaovuka vipande vyote viwili, ili irudi pale pale ilipokuwa. Ikirudi imegeuka gari litatetemeka kuanzia 80. Ifunge shafti kwa waya kwenye bodi isining'inie, wala usiichomoe mbele, maana oili itamwagika kutoka kwenye mkia wa giaboksi. Washa swichi ili usukani usijifunge, na anayekaa ndani ajue kwamba breki bila injini zinataka miguu miwili.